Mama Mkwe, Ile Harusi ya Kinindo Bado Haijafika

Mama mkwe wangu mpendwa,

Barua zote zilizokuja kwako nilikusomea mimi. Za dada yako wa Uvira, za yule mjomba wa Kigoma aliyeomba shati kila mwaka, hata ile karatasi ya serikali ya mtaa, ya komini, uliyodhani wanatufukuza kumbe walikuwa wanatuambia tusitupe takataka kwenye mtaro. Ulikuwa unakaa kwenye mkeka, unanyoosha miguu, unaniambia, "Soma polepole, usiruke kitu." Na mimi nilikuwa naruka. Penye msiba nilitanguliza salamu, penye maneno makali ya wifi yako nilikohoa. Ulijua, ukaninyamazia.

Hii ya leo nimeiandika mwenyewe, na wewe tumeshakuzika, huu ni mwaka wa pili. Hata hivyo nitaisoma kwa sauti, mbele ya watu, na safari hii sitaruka kitu. Naomba unisamehe mapema, maana ndani yake kuna siri yako.

Naiandika kwa ajili ya Mwajuma, binti yako wa mwisho. Amejifungua mtoto wa kike, leo ana siku kumi na nane. Mume wake yuko Mutakura, anakuja kumwona siku ambazo njia ina amani, na Mwajuma amekuja kwetu Buyenzi kukaa arobaini yake, kama ambavyo angekuja kwako. Nimempa kile chumba cha dirisha, nilichokaa mimi nilipomzaa Shabani. Wageni wanaingia, wanamtazama mtoto, wanatoka wanamsifu mama yake: "Mzazi mtulivu! Ana adabu kama marehemu mama yake."

Mama, neno hilo, mtulivu, ndilo ninaloliogopa.

Unakumbuka walivyonisifu mimi? Shabani alizaliwa wakati ambapo hatukujua asubuhi kama mchana tutatoka nje. Risasi zilikuwa zinalia upande wa kaskazini, mara mji unafungwa, mara unafunguliwa, garage ya mume wangu Issa inafungua mlango nusu ili ifungwe upesi. Mimi nilirudi kutoka materinite, hospitali ya uzazi, nikiwa nimebebwa kwenye teksi iliyokosa kioo cha mbele, mtoto kifuani, nikawekwa kwenye kile chumba. Na kwa desturi yetu mzazi ndani ya arobaini hatoki, hapiki, hafui, hapazi sauti. Anakandwa kwa maji ya moto, ananyweshwa uji wa pilipili manga, analala. Kwa hiyo niliponyamaza, walisema nimelelewa vizuri. Nilipokaa siku tatu bila kuvuka mlango wa chumba, walisema najua desturi.

Halafu na vita vikanificha. Nyumba nzima tulikuwa tunalala chini, chini ya usawa wa dirisha, kwa sababu ya risasi zinazopotea. Nani angeshangaa kuniona nimelala sakafuni? Hakuna aliyegundua kwamba siku za kimya, wenzangu wakinyanyuka, wakikunja mikeka, mimi sinyanyuki.

Nilikuwa namtazama Shabani kama mtoto wa watu waliomsahau kwetu. Nilimnyonyesha kwa kuwa alilia. Akishiba, nilimgeuza upande wa ukuta ili asinitazame. Na aibu, Mama! Kila siku tulisikia fulani kauawa, fulani kachomewa nyumba, na mimi nina mtoto mzima, mume mzima, mama mkwe anayenipikia. Nilijiuliza, huzuni hii ni ya nini? Nani nimwambie? Wangeniambia nina kufuru.

Na wewe, wacha niseme ukweli, nilikuogopa kuliko risasi. Mpishi wa harusi, mwenye mwiko mrefu kama jembe, na sauti ambayo ukimwita Issa kutoka uani, mafundi wa garage tatu wanaitikia. Sikutegemea kwamba wewe ndiye ungeniona.

Siku ile mji ulikuwa umefungwa. Ilikuwa asubuhi, jua zuri tu. Nilimlaza Shabani katikati ya mito miwili, nikamfunika, nikatoka. Sikuvaa viatu. Nilipita mbele ya garage zote, milango imefungwa, kuna gari moja bila injini limesimama juu ya matofali na paka amelala ndani. Sikukutana na mtu. Nilikwenda mpaka mto Ntahangwa, nikasimama ukingoni. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, mto umejaa, maji mekundu.

Sikukusikia ukija. Wewe, ambaye ukitembea masufuria yanatikisika, ulinifuata njia nzima bila kuniita, katika mji ambao mtu yeyote angeweza kutupiga risasi wote wawili. Nilishtuka tu umesimama pembeni yangu, unapumua kwa nguvu. Nilisema neno la kwanza lililonijia mdomoni:

"Nimekuja kuchota maji."

Ukatazama mikono yangu. Haikuwa na ndoo, wala kopo. Ukasema, "Ehe. Maji ya hapa ni muchafu. Twende, kuna maji ku nyumba."

Halafu ukavua ndara zako. "Vaa. We ni muzazi, baridi itakuingia mu miguu."

Ulirudi Buyenzi miguu mitupu, mbele yangu, hukugeuka nyuma hata mara moja, lakini ulitembea polepole ili nisikosee mahali pa kukanyaga. Tulipofika Shabani bado amelala. Hukuniuliza kitu, siku ile wala siku nyingine. Mama, sikwenda kuchota maji. Sijawahi kukutamkia neno hili. Nililiacha likae kati yetu miaka yote, nikiamini kwamba ulinisadiki, na kumbe ulikuwa unanihifadhia uongo wangu kama mtu anavyohifadhi nguo za mgeni.

Kesho yake asubuhi ukaingiza gunia la mchele chumbani kwangu. Ulilivuta mwenyewe sakafuni. "Kuko harusi," ulitangaza. "Harusi kubwa, ya Kinindo, watu wa mavilla. Muchele yote ichagulwe mawe. Na hapa mu chumba ya muzazi ndiyo kuko mwangaza."

Kila mtu anajua kwamba mchele wa Imbo ukitoka shambani unakuwa na mawe, na kila mtu anajua kwamba mpishi wa harusi akiita wanawake kuchagua mchele, hawakatai. Bi Shamsa alikuja, mke wa yule Mwarabu wa duka la vipuri, na sinia lake la shaba la Muscat. Mama Goreti alikuja, aliyekimbia Mutakura nyumba yake ilipochomwa na tukampa kile chumba cha uani. Wewe ulikaa karibu na mlango. Mkeka mmoja, masinia matatu, na mimi kwenye godoro sakafuni, nimewageuzia mgongo.

Hakuna aliyeniuliza una nini. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi. Mlizungumza habari za sabuni, habari za waume, habari ya kuku wa jirani aliyetaga kwenye tairi. Mama Goreti alikuwa anawaambia jinsi kwao wanavyoita guhemba, watu kuja kumtazama mzazi na kumletea kitu cha kunywa, na Bi Shamsa anamjibu kwamba sisi tunaleta maneno mengi na mikono mitupu. Mlicheka. Nilikuwa nasikia mawe yakidondoka kwenye bakuli, tik, tik. Wakati wa adhuhuri wewe na Bi Shamsa mlipokwenda kusali, Mama Goreti akabaki na masinia yote, na mimi sikubaki peke yangu hata dakika moja. Nilidhani ni bahati tu. Nilidhani ni kwa sababu ya mchele.

Siku ya tano au ya sita nikageuka. Sinia la Bi Shamsa lilikuwa karibu na mkono wangu. Nikaona jiwe, nikalitoa. Bi Shamsa hakusema ahsante wala hakuangalia. Alilisogeza tu sinia kidogo, likagusa godoro. Kwa wiki nzima nilikuwa sijafanya kitu chochote ambacho kina mwisho, Mama. Jiwe lilikuwepo, nikalitoa, halipo. Nikatoa jingine.

Na Issa naye, nisimsahau, mwanao masikini. Alikuwa anafungua injini na kuifunga ile ile, anarudi nyumbani na macho mekundu, anakaa kwenye kizingiti bila kujua aseme nini. Nilimsikia akikwambia, "Mama, mi naogopa. Sijui nimufanyie nini." Alitaka kukaa kwenye mchele, ukamfukuza kwa sababu ya grisi mikononi. Ukampa nepi. Mume wangu, fundi mkuu, alifua nepi na kuzianika mbele ya mafundi wote wa Buyenzi, na walimcheka mpaka walipochoka, na yeye akaendelea. Baadaye aliniambia kwamba zile nepi zilimwokoa, kwa sababu alikuwa na kitu cha kufanya.

Shabani alikuwa anapita mapajani mwenu. Siku moja Mama Goreti akasema, "Nishikie mutoto kidogo, nipanguse mikono." Akaniwekea. Sijawahi kuona mtu akipangusa mikono kwa muda mrefu namna ile. Alipangusa kidole kimoja kimoja. Alitoka nje kutafuta kitambaa kingine. Nami nimekaa na mtoto, mzito, wa moto, ananusa kifua changu, na maneno yakanitoka mbele yenu wawili:

"Simpendi."

Masinia yakanyamaza. Nilisubiri paa lianguke. Bi Shamsa alisema "Astaghfirullah" kwa sauti ndogo, ukamtazama, akafunga mdomo. Halafu ukanigeukia, wala sauti yako haikupanda.

"Basi leo usimupende," ulisema. "Umunyonyeshe tu."

Nikalia. Nililia mpaka ziwa likamwaga maziwa juu ya nguo, na Shabani akanyonya huku nalia, na nyinyi mkaendelea na mchele. Kesho yake ukaniuliza, kama unauliza habari ya chumvi, "Leo unamupenda?" Nikasema hapana. "Haiko mubaya. Nyonyesha." Uliniuliza kila asubuhi. Kuna siku nilisema sijui. Na kuna siku nilikasirika kwamba umemfunika vibaya, nikakunyang'anya, nikamfunika upya, na wewe ukatabasamu ukutani ukidhani sikuoni.

Na dispensari ulinipeleka mwenyewe, nikiwa bado ndani ya arobaini, umenifunika kitenge kichwani ili watu wasiseme. Watu walikuwa wengi, wana malaria, wana vidonda. Ulisimama mbele ya foleni nzima ukamwambia muuguzi, "Huyu ni mugonjwa kama hawa wote. Mwili iko muzuri. Ni moyo imechoka juu ya kuzaa." Nilitamani ardhi inimeze. Lakini muuguzi hakucheka. Alitupeleka nyuma, kwenye benchi, akaniuliza mambo ambayo hakuna aliyekuwa ameniuliza: kama nalala mtoto akilala, kama chakula kina ladha, kama nawaza kujidhuru. Nilijibu kwa kichwa. Akaniambia ugonjwa huo upo, unawapata wazazi wengi, unatibika, akanipa vidonge na siku ya kurudi. Mwalimu wa madrasa naye alikuja akanisomea dua, nikalala usingizi mzuri siku ile, na namshukuru. Wewe hukuona sababu ya kuchagua kimoja. Ulisema mgonjwa asaidiwe na kila mwenye mkono.

Kuna jambo moja lilinisumbua. Katika ule mchele kulikuwa na jiwe jekundu, lina umbo la jino. Nililitoa siku moja. Baada ya siku mbili nikalitoa tena. Baadaye tena. Sikusema kitu, maana nilidhani kichwa changu ndicho kinazidi kuharibika, sasa kinaona mawe ya juzi.

Arobaini ikaisha, mtoto akanyolewa, nikatoka nje, nikakuuliza, "Mama, ile harusi ya Kinindo?"

"Imeahirishwa. Vita."

Tukapika ule mchele wenyewe kwa arobaini ya Shabani, na ulikuwa mweupe kuliko mchele wowote niliowahi kula. Miaka ilipita kabla sijapandisha mkono juu ya kabati la jikoni kutafuta kiberiti na kukuta kopo la maziwa ya unga, zito. Nilidhani umeficha chumvi. Nikalifungua, na jiwe jekundu lilikuwa juu kabisa.

Nililia na kucheka pale pale jikoni. Kila siku, wenzako wakiondoka, ulikuwa unakusanya yale mawe kutoka bakulini na kuyarudisha kwenye mchele. Gunia moja! Bi Shamsa alijua, Mama Goreti alijua. Wanawake wazima, wenye kazi zao, wenye vilio vyao, mmoja hana nyumba, walikuwa wanakuja kuchagua mchele ambao wameshauchagua jana, ili mimi nisikae peke yangu na nisijue kwamba nalindwa.

Sikukuambia nimeliona kopo mpaka ulipolala kitandani na ugonjwa wako wa mwisho. Nilikuwa nakukanda miguu. Nikakuuliza ulijifunza wapi. Hapa ndipo ilipo siri, Mama, nisamehe. Ulisema:

"Huyu Issa, bwana yako, mi nilimuacha ku soko. Alikuwa na wiki tatu. Nilimuweka juu ya gunia ya muchele, nikaenda."

"Ulimsahau?"

"Apana. Usinisaidie. Sikusahau, nilimuacha."

"Ukarudi."

"Sikurudi. Yule mama wa muchele ndiye alikuja naye ku nyumba. Hakunigombeza. Mukono moja mutoto, mukono ingine muchele mu kitambaa. Akaniambia, 'Muchele yangu iko na mawe mingi, unisaidie kuchagula.' Akakaa. Kesho akarudi. Mawe haikuisha." Ukafumba macho. "Na wewe usiseme kwa mutu."

Sikusema kwa mtu. Mpaka jana.

Jana asubuhi, saa nne, niliingia kumpelekea Mwajuma uji. Alikuwa ameketi sawasawa, kitambaa kichwani, mtoto amelazwa katikati ya mito miwili. Akanisalimia kwa adabu. Nikainama kuweka bakuli, nikaona miguu yake. Ilikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye vifundo. Mzazi wa siku kumi na saba, ambaye hajavuka kizingiti, miguu ina vumbi.

Nilichukua maji ya moto nikamwosha miguu, kidole kimoja kimoja, na yeye ananitazama kana kwamba naosha miguu ya mtu mwingine. Kisha nikamwita Mama Goreti aje kukaa naye, na mimi nikaenda garage.

Issa nilimwambia kwanza, ilikuwa haki yake. Nilimwambia yote, mto, mchele, na soko. Alikuwa na spana mkononi. Akaiweka chini, akasema, "Juu ya gunia ya muchele? Ndiyo sababu napenda wali." Halafu akaenda kwenye bomba akaosha uso, akauosha tena, akarudi akaniuliza kama kuna nepi za kufua.

Basi leo gunia limeingia chumbani. Nimelivuta mwenyewe, mgongo unaniuma kama ulivyokuwa unauma wako. Kopo nimelishusha kabatini, mawe nimeyamwaga na kuyachanganya vizuri. Bi Shamsa nilimfuata dukani. Magoti yake sasa hayampi raha, nikaona haya kumwomba. Nikamwambia, "Bi Shamsa, kuko muchele wa kuchagula, wa harusi."

"Harusi ya nani tena?"

"Ile ya Kinindo."

Akanitazama juu ya miwani. "Subhanallah," akasema. "Mpaka leo hawajaoana?" Na akaanza kutafuta sinia lake.

Nakuandikia hapa uani, kwenye daftari la Shabani, wakati wanatandika mikeka waanze. Nikimaliza ukurasa huu naingia kuwasomea. Naogopa, Mama. Wewe hukusema kitu, na mimi nilipona. Labda mimi naharibu. Lakini wewe ulikuwa na sauti ya kumfanya mtu abaki hata ukinyamaza, na mimi sina. Mimi ninachoweza ni kusoma. Na nilikaa miaka yote ile nikiamini kwamba ni mimi peke yangu katika Buyenzi nzima niliyewahi kumtazama mtoto wangu nikaona mgeni. Mwajuma naye anaamini hivyo sasa hivi, nyuma ya dirisha hili. Anaamini mama yake, mpishi, simba wa mtaa huu, asingeweza kamwe. Siwezi kumwacha na imani hiyo kwa ajili ya kulinda jina lako. Nadhani jina lako halihitaji kulindwa namna hiyo.

Naingia.

Mama, narudi kwenye daftari. Nimesoma, na ni mchana sasa.

Mwajuma alikuwa amegeukia ukuta. Niliposoma habari ya mto, hakusogea. Niliposoma habari ya soko, bega lake lilitikisika. Nilipomaliza, Bi Shamsa na Mama Goreti waliendelea kuchagua tu. Mawe yanadondoka. Nikawaza, basi, nimeharibu.

Kisha akauliza, bado ametazama ukuta, "Mama alisema hakusahau?"

"Alisema, 'Sikusahau, nilimuacha.'"

"Mama yangu mi?"

"Mama yako wewe."

Akageuka. Akamtazama binti yake, akatutazama sisi. "Jana nilifika mpaka garage ya mwisho," alisema. "Ile karibu ya mto. Nikarudi. Sijui juu ya nini nilirudi." Halafu akasema lile neno nililosema mimi, tena pale pale nilipolisemea. Safari hii Bi Shamsa hakusema astaghfirullah. Alitazama mlango, pale ulipokuwa unakaa wewe. Yeye na Mama Goreti walitazama pale, halafu wakanitazama mimi.

Nikasema, "Basi leo usimpende. Mnyonyeshe tu."

Mama Goreti akampa mtoto, akaenda kupangusa mikono.

Kesho asubuhi ninampeleka dispensari, Issa atatusindikiza, na nitasema mbele ya foleni kama ulivyosema wewe, hata nikitetemeka. Bi Shamsa amepanga nani akae saa ngapi. Mume wa Mwajuma ametumiwa habari aje, atakuta beseni la nepi linamsubiri.

Nakukumbuka, Mama. Leo nimekukumbuka bila machozi, nimekukumbuka kama mtu anavyomkumbuka mwenzake wa kazi. Pumzika. Nyumba yako ina watu.

Mwajuma sasa anasinzia na mtoto kifuani. Kabla hajasinzia aliingiza mkono kwenye sinia, akatoa jiwe jekundu, akalizungusha kati ya vidole, akalitupa bakulini. Kesho nitalirudisha.

Mkamwana wako,
Mama Shabani